Tupeane uzoefu: dawa za asili kwa mgonjwa wa kansa aliye kwenye kemo (dawa kali za kuua kansa)

Bint Pangani: Wakuu, leo nimepita Kariakoo, mzee wa miti shamba akaninadia unga wa "kupoza kemo". Nikamkumbuka marehemu mama. Siku ya ile dawa nyekundu ya kemo, jioni hata kitunguu kikikaangwa kwa jirani kilimtapisha. Kilichomsaidia ni tangawizi ya kuponda, ichemshwe, ipoe, anywe funda moja moja. Vidonge vya kuzuia kutapika alivyopewa hospitali hakuviacha. Nyie mlitumia nini?

Mkude wa Moro: Tangawizi, naunga mkono.

Nyakato: Kwetu Mwanza ilikuwa juisi ya ukwaju. Tangawizi ilimchoma baba kifuani.

Kigoda: Mlonge, majani ya mstafeli na mwarobaini, chemsha pamoja, glasi asubuhi na jioni. Kemo ni sumu ya wazungu. Miti haina madhara.

Shemeji wa Same: Haina madhara? Ngoja nikusimulie.

Dada yangu alikuwa na kansa ya titi. Shangazi akaja na dawa ya mtaalamu wake kwenye chupa ya chai, nyeusi tii, ikidondoka kwenye kitambaa cha meza doa halitoki. Masharti: anywe kabla ya kula, na daktari asijue. Mwanzoni dada akapata nguvu kweli, akafua, akasuka ukili. Shangazi akawa anatembea kifua mbele mtaa mzima.

Halafu mkojo ukawa kama chai ya rangi. Tukasema ni ile dawa nyekundu, si tuliambiwa inabadili mkojo? Kumbe ile huisha ndani ya siku moja mbili, huu ukaendelea. Macho yakawa ya njano. Siku ya dozi vipimo vya ini viko juu, daktari akakataa kumtundikia dripu. Akauliza, "Kuna kitu kingine mnampa?" Kimya. Shangazi ananikanyaga mguu. Dada mwenyewe ndiye aliyesema.

Daktari hakugomba. Alisema dawa ile huchakatwa na ini, ini likichoka inabaki mwilini kupita kiasi. Akasema pia hawezi kuapa kwamba ni chupa ndiyo iliyomdhuru, maana hajui ndani mna nini. Dozi ikasogezwa mbele mpaka ini likatulia. Shangazi mpaka leo anasema ni kemo.

Nyakato: Pole sana. Huyo shangazi tunaye kila ukoo.

Kigoda: Shangazi yuko sahihi.

Kisamvu: Kigoda, 2011 hukuwa Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha Babu wewe, ile dawa ya miti iliyosemwa inaponya magonjwa sugu?

Kigoda: Nilikwenda, nikatoa shilingi 500 yangu, na niko hai.

Kisamvu: Ulikuwa unaumwa nini?

Kigoda: Mgongo.

Kisamvu: 😂😂 Kuna walioacha ARV wakisubiri kikombe kifanye kazi. Hao hawapo hapa kuandika.

Mkude wa Moro: Jamani turudi kwenye mada. Vidonda vya mdomoni je? Mama mkwe hamezi hata uji wa ulezi.

Nyakato: Asali, ampake taratibu.

Bint Pangani: Asali kwa mama ilichoma vibaya. Jaribuni maziwa baridi.

Nesi wa Zamu: Asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, hasa baada ya kula. Kwa baadhi ya dawa, kunyonya barafu wakati zinaingia hupunguza vidonda, muulizeni daktari kama yake ni mojawapo. Juisi ya balungi aache, inavuruga dawa kadhaa. Shubiri ya kunywa inaharisha. Chembe nyeupe za damu zikishuka, kachumbari pia ikae pembeni, na homa ikifika 38 hakuna cha kuchemsha majani, ni hospitali usiku huohuo.

Kigoda, hiyo sumu ya wazungu: vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, inatoka kwenye vinka, yale maua ya rangi ya waridi mnayopanda mbele ya nyumba. Inatibu watoto wenye kansa ya damu. Inapimwa kwa miligramu, inaingia kwenye mshipa, na bado inatia ganzi vidole. Msije mkayachemsha.

Bint Pangani: Barafu yoyote tu?

Nesi wa Zamu: Ya maji yaliyochemshwa. Ile ya kupozea samaki waachie samaki.

Kigoda: Mlonge hujaujibu.

Nesi wa Zamu: Wa mboga ale. Wa unga, aje na kopo lake kliniki.