Hati ya Kiarabu inaharibika kwenye fomu tangu tuhamie seva mpya (Lamu)

mwana_mkomani:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Hapa Lamu tuna kikundi kinachokusanya mashairi na misemo ya wazee kwa Kiamu. Mzee husema, mjukuu wake huandika kwa simu kwenye fomu yetu, sehemu moja kwa hati ya Kiarabu na nyingine kwa herufi za kawaida. Fomu ni ukurasa wa HTML mtupu. Ikitumwa, programu ya PHP huandika kila kitu kwenye faili ya CSV.

Tangu kampuni inayotuhifadhia tovuti ituhamishie seva mpya, hati ya Kiarabu haifiki. Herufi mim inakuja م na che inakuja چ, ubeti mzima ni msururu wa tarakimu. Tena maneno kama ng'ombe na ng'ambo, mengine yanafika salama, mengine yana � penye ritifaa. Kodi ya programu haijaguswa, na ukurasa una meta (tagi ya maelezo) inayosema herufi ni za UTF-8, inayobeba hati zote. Wazee wenyewe umri umekwenda, naona uzito kuwarudia waanze upya. Nishikeni mkono.

mtaa_wa_kodi:
Pole sana. Angalia hifadhidata. MySQL kabla ya toleo la 8.0 ilitumia latin1 (ya herufi za Kilatini tu) usipoielekeza vingine, na wengi wameumia hapo.

mwana_mkomani:
Shukran, lakini hatuna hifadhidata. Nimeifungua CSV yenyewe, tarakimu zimo humo humo.

fundi_malindi:
Basi herufi zinaharibika kabla PHP haijazipokea. Kivinjari hutuma fomu kwa usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa baiti) kinaoamini ni wa ukurasa. Herufi isiyokuwamo katika usimbaji huo hugeuzwa namba yake: mim ni 1605, che ni 1670. Kwa hiyo simu za wajukuu zinaamini ukurasa wenu si UTF-8.

Meta haitoshi, kwa sababu seva ikitaja usimbaji kwenye Content-Type (kichwa cha jibu lake), neno lake ndilo linalofuatwa. Endesha amri ya curl -I, inayoonyesha vichwa hivyo, kwenye anwani ya fomu utuonyeshe jibu. Nadhani utakuta ISO-8859-1, usimbaji wa Kilatini usio na hati ya Kiarabu, uliowekwa na mpangilio wa AddDefaultCharset wa Apache, programu ya seva. Kurasa za PHP huponea hapo, maana tangu toleo la 5.6 PHP hutaja UTF-8 yenyewe. Ukurasa wa HTML mtupu hauna wa kuutetea.

Na ng'ombe ni ugonjwa huo huo. Ritifaa iliyonyooka ni salama katika usimbaji wowote kati ya hizi. Lakini iPhone huibadilisha kuwa iliyopinda, na vivinjari huisoma ISO-8859-1 kama Windows-1252 (usimbaji wa zamani wa Windows), ambamo iliyopinda ni baiti moja tu, 92 kwa heksadesimali. Baiti hiyo peke yake haina maana katika UTF-8, ndiyo unaona �. Waulize waliotuma, utaona tofauti iko kwenye simu zao.

mwana_mkomani:
Wallahi umeona mbali. Jibu ni hili: Content-Type: text/html; charset=ISO-8859-1. Na wenye � nimewauliza wawili, wote wana iPhone.

fundi_malindi:
Weka AddDefaultCharset UTF-8 kwenye .htaccess, faili ya mipangilio ya Apache ndani ya folda ya tovuti. Kama kampuni imeifunga, tia accept-charset="UTF-8" kwenye fomu yenyewe huku ukiwasubiri wabadilishe.

binti_shela:
Kaka, kabla hujafanya lolote, nakili CSV ya zamani mahali pengine na usiifungue kwa kihariri ukaihifadhi! Sasa hivi baiti ya 92 bado imo. Ukiihifadhi kama UTF-8, � itaandikwa kweli na asili itapotea. Tarakimu hazina shida, html_entity_decode ya PHP itazirudisha mim na che zote. Shughulikia mstari mmoja mmoja: mistari isiyo UTF-8 halali igeuze kwanza kutoka Windows-1252, mizima usiiguse, ndipo ufungue tarakimu. Ukianza na tarakimu utachanganya simbaji mbili kwenye mstari mmoja.

mwana_mkomani:
Nimenakili kwanza, nikafuata mpangilio wako dada. Beti zimerudi, na ng'ombe zote zina ritifaa. .htaccess imekubali, nimejaribu kwa iPhone ya jirani na hati ya Kiarabu imefika kama ilivyoandikwa. Imebaki mistari michache niliyoihifadhi kwenye kihariri wiki iliyopita, ile ina � ya kweli.

binti_shela:
Hiyo haitarudi kwa programu. Lakini ni ritifaa tu iliyopotea, isome mmoja mmoja uirudishe kwa mkono.