Ushauri: Siku kumi Moroko na mama, miji pamoja na Milima ya Atlas

Mzawa wa Lamu

Assalaam aleikum wanajamvi. Mwezi wa nne, inshallah, nitasafiri kwenda Moroko pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 63. Viza zimetoka, na tiketi za ndege za kufikia na kuondokea Casablanca tumekwisha kukata. Kinachoninyima usingizi ni ratiba, kwa kuwa ndani ya siku kumi nimesongamanisha Casablanca, Fes, Chefchaouen, jangwa la Merzouga, Marrakech, na siku mbili za kupanda Toubkal. Mama ana nguvu zake, ila goti humsumbua kwenye ngazi. Nipunguze wapi? Na je, ninaweza kupanda mlima huku yeye akinisubiri mahali penye utulivu?

Mkweamilima

Waaleikum salaam. Nianze na Toubkal, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mlima huo una mita 4,167, na mtu aliyewahi kufika Kibo huudharau upesi. Lakini mwezi wa nne sehemu ya juu kwa kawaida bado ina theluji, hivyo utahitaji vyuma vya meno vya kufunga viatuni na mtu wa kukufundisha kuvitumia. Tangu mwisho wa 2018 hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye kibali, na njiani askari hukagua pasipoti. Utalala kwenye kibanda cha wapandaji kilicho kwenye mita 3,200 hivi, kisha mtaondoka kabla ya alfajiri.

Mama anaweza kubaki Imlil, kijiji kilicho kiasi cha kilomita 65 kutoka Marrakech, penye nyumba za wageni na mashamba ya tufaha na jozi. Eneo hilo lilipigwa na tetemeko la ardhi la tarehe 8 Septemba 2023, lililoua karibu watu 3,000 katika mkoa wa Al Haouz na jirani zake, kwa hiyo msishangae kuona nyumba zilizobomoka kando ya zilizojengwa upya.

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu, mimi nilikwenda na magoti mabaya kuliko ya mama yako, kwa hiyo nisikilize. Merzouga ifute. Kutoka Fes ni mwendo wa saa nane hivi kwa gari, kisha siku nyingine nzima barabarani kuelekea Marrakech. Mama ataona kiti cha mbele kuliko atakavyoona mchanga.

Siku hizo zipe Fes. Mji wa kale hauingii magari, na vichochoro vyake vitawakumbusha kwenu, ila ni virefu na vina miteremko. Mizigo hubebwa na nyumbu (yule mtoto wa punda na farasi, si wa Serengeti), na mchungaji wake hupiga kelele "Balak!" kama vile kwetu tunavyosema "Simile!" Ukiisikia, jibanze ukutani kwanza, ndipo ugeuke kutazama. Kwenye mabwawa ya kutia ngozi rangi niliwekewa tawi la nanaa mkononi nilipokuwa nikipanda ngazi za duka. Nilidhani ni adabu tu, mpaka harufu ya chokaa na kinyesi cha njiwa iliponifikia. Mwombe mama abaki chini, ngazi zile hazina huruma. Kwa kuwa ni Waislamu, mtaweza kuswali ndani ya Al-Qarawiyyin, msikiti unaosemekana kuanzishwa na Fatima al-Fihri mwaka 859. Wasio Waislamu huishia mlangoni.

Mkweamilima

Bi Mkubwa amesema kweli kuhusu Merzouga. Ningeondoa na Chefchaouen, kwani treni haifiki huko na mji wenyewe umejengwa mlimani, ngazi juu ya ngazi.

Mzawa wa Lamu

Shukrani sana. Merzouga na Chefchaouen nimezifuta, ingawa ile rangi ya buluu ya nyumba za Chefchaouen ilikuwa ombi la mama mwenyewe na bado sijamwambia. Toubkal nayo nimeiacha: nimeona ni afadhali tulale Imlil usiku mbili sote wawili kuliko nimwache peke yake na watu wasiojua lugha yake. Kutoka Fes hadi Marrakech twende kwa nini?

Bi Mkubwa wa Tanga

Treni, takriban saa saba, na ukate daraja la kwanza ili mpate viti vyenye namba. Marrakech ndiyo mwisho wa reli upande wa kusini. Kwenda Imlil mtachukua teksi kubwa, ambayo abiria hulipia kiti, nawe ulipie kiti cha ziada ili mama akunjue mguu. Badilisha fedha mkifika, kwa sababu dirhamu ni vigumu kuipata nje ya nchi, na weka noti ndogondogo. Pale Imlil mkodishie mama nyumbu asubuhi moja mpaka kijiji cha Aroumd, wewe ukitembea kando yake. Mwambie akae wima wakati wa kuteremka, na asishike hatamu. Nyumbu anaijua njia.