Upole unahesabiwa kuwa udhaifu kazini?

Mfunga_Hesabu: Wakuu, naomba maoni yenu. Hesabu za mwezi nafunga mimi, wageni wote wa kitengo wananijia mimi kujifunza. Nafasi ya usimamizi ilipotoka, nikaambiwa "huna sura ya uongozi" kwa kuwa sipazi sauti vikaoni. Aliyepandishwa ndiye msemaji wetu, na ripoti zake hadi leo nazirekebisha mimi. Imeniuma sana. Nifanyeje?

Dada_Mkubwa: Pole, mdogo wangu. Wengine wanaangushwa kwa kinyume chake. Ann Hopkins wa Marekani aliletea kampuni yake mkataba mnono, lakini ubia akanyimwa kwa kuonekana mkali. Akashauriwa atembee na kuvaa kike zaidi, ajipake vipodozi. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kumpima mtu kwa dhana kama hizo ni ubaguzi wa kijinsia.

Karani_Mstaafu: Omba vigezo kwa maandishi. "Sura ya uongozi" haipimiki, kwa hiyo kila mjumbe anajaza picha aliyonayo kichwani. Vigezo viandikwe kabla ya majina kutajwa.

Mfunga_Hesabu: Asanteni. Barua naiandika, na kazi za wageni niliowafundisha naziambatisha.