Tupeane uzoefu: kinachokubakiza kazini ni kazi, au ni watu?

Mleta mada:
Wakuu, habari za majukumu. Huu ni mwaka wa sita niko sehemu moja. Mara mbili nimeitwa kwingine kwa mshahara mnono zaidi, mara mbili nimekataa. Nyumbani nilisema nasubiri cheo. Uongo mtupu. Sababu ni wenzangu. Nilipofiwa na baba, nilirudi nikakuta ripoti ya mwisho wa mwezi, iliyokuwa juu yangu, imeshakamilika na kupelekwa. Mpaka leo hakuna aliyejitaja kuwa ndiye aliyeifanya.

Chuoni tulisoma Meyer na Allen, wale watafiti wa mambo ya kazi walioandika 1991, wanaosema moyo wa kubaki kwa mwajiri uko wa aina tatu: unabaki kwa kuwa unapapenda, au kwa kuwa kuondoka kutakugharimu, au kwa kuwa unajiona una deni. Nikijipima, mimi ni wa deni. Ila sidaiwi na kampuni, nadaiwa na watu wanne tunaokaa nao chumba kimoja. Nyie je?

Mchangiaji wa 1:
Mimi hao watu ndio walionikimbiza. Kazi niliipenda, bosi hana neno. Kumbe idara ilikuwa na kundi la WhatsApp, na kundi jingine la idara hiyo hiyo ambalo mimi simo. Nilijua siku mmoja alipokosea, akatuma kwetu sote maneno ya kule. Kuanzia hapo nikawa mtu wa saa tu: muda ukifika, begi begani. Habari za kujitolea ziliisha. Miezi minane baadaye nikaandika barua. Walipouliza sababu nikasema nimepata fursa. Nani atasema ukweli pale?

Mchangiaji wa 2:
Mkuu, hilo deni liangalie. Sisi tulikuwa saba, damu damu. Alipohamishwa mama aliyekuwa anatuongoza, mwaka haukuisha tukabaki wawili. Kampuni ilijihesabia ina watu waaminifu, kumbe walikuwa wa yule mama.

Mchangiaji wa 3:
Nipo idara ya rasilimali watu, msinirushie mawe. Kila mwaka tunaandaa siku ya michezo, fulana za rangi moja, kuvuta kamba. Lakini mshikamano niliouona kwa macho yangu ulizaliwa usiku mfumo ulipogoma, watu wakakesha wakiingiza taarifa upya kwa mkono, mkuu wa idara naye kakaa chini anasoma namba. Wale wa usiku ule karibu wote bado wapo. Wa kuvuta kamba wengi waliondoka, na fulana zetu.

Mchangiaji wa 4:
Nafanyia kazi nyumbani, wenzangu nawajua kwa sauti tu. Kinachonibakiza ni mkopo. Niandikeni aina ya pili.

Mleta mada:
Wa mkopo umenimaliza 😂
Wa 2, nimekusoma mara mbili. Katika wale wanne, mmoja katoa notisi Ijumaa. Ndiyo maana nimeleta mada.