Nimetoka Tanga kusoma Nairobi, hosteli imenishinda. Nihamie Rongai au nivumilie Ngara?

Binti_wa_Chumbageni
Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Nairobi tangu Septemba. Nyumbani kila mtu alisema Kenya ni hapo tu: unavuka Horohoro, unalala Mombasa, kesho yake unapanda treni. Hakuna aliyenieleza kwamba nikishuka nitakuwa mgeni kabisa.

Nakaa hosteli ya binafsi Ngara, chumba cha watu wanne, 9,500 za Kenya kwa mwezi. Wenzangu si watu wabaya, ila muziki ni hadi saa nane usiku na wageni wanaingia na kutoka kama stendi. Nimeona bedsita (chumba kimoja cha kujitegemea) Rongai, nje ya jiji, ya 7,000, choo ndani, nikae peke yangu. Baba hataki kusikia.

Darasani nako ni shida. Wengi wanajuana tangu sekondari. Vikundi vya kazi vinaundwa usiku WhatsApp, asubuhi najikuta sina kwangu. Na pesa: bado kila bei naigeuza kichwani. Chipsi za 150 naona ni elfu tatu ya kwetu, naghairi, nashinda na chai na mandazi.

Nihame, au ningoje muhula uishe?

Mwana_Ronga
Rongai nimezaliwa, naipenda, na nakuambia usije. Darasa la saa mbili asubuhi litakuamsha saa kumi na moja. Mvua ikinyesha nauli inapanda ukiwa umesimama hapo hapo stejini unaisikia: mia, mia na hamsini, mia mbili. Jioni Lang'ata Road imefunga kwa foleni, unafika nyumbani saa tatu usiku na bado hujapika. Piga hesabu: hata ukilipa mia kwenda na mia kurudi, siku tano kwa wiki, ile 2,500 unayookoa imeisha kabla wiki ya tatu haijakwisha.

Mama_Nasra
Marahaba mdogo wangu. Mimi ni wa Dar, digrii yangu niliichukua huko huko Nairobi. Baba yako hakukosea: mgeni kukaa peke yake mbali na chuo si jambo la kukimbilia. Lakini na hosteli hiyo usijilazimishe. Tafuta wasichana wawili mpange pamoja chumba na sebule Pangani, Ngara hiyo hiyo, au Parklands mkipata ya bei yenu. Kama unaswali, Ijumaa fika Msikiti wa Jamia pale mjini, utakutana na wanafunzi wengi wa Mombasa, Kwale na Lamu. Mimi wenzangu wa nyumba niliwapata hivyo.

Nyumba usiilipie kabla ya kuiona, na anayetaka ada ya kukuonyesha achana naye. Muulize keateka (msimamizi wa nyumba) maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na kama mita ya umeme ya tokeni ni yako au mnachangia na jirani. Ukishindwa kumwamini, muulize mpangaji utakayemkuta anafua. Pesa ya dhamana mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja juu ya ile ya kwanza. Iandikwe itarudishwaje.

Na kula! Pesa ikishaingia Safaricom ni ya Kenya, usiirudishe Tanga kichwani. Baba anaweza kukutumia moja kwa moja kutoka M-Pesa ya Vodacom. Chapati na maharage ya kibandani yatakushibisha kwa pesa ndogo kuliko hizo chipsi. Fuliza tu, ule mkopo wa M-Pesa, ndiyo usiizoee, utakuwa unapokea pesa na inakatwa hapo hapo.

Rep_Mstaafu
Kuhusu vikundi, usingoje kualikwa. Mtafute mwakilishi wa darasa ana kwa ana, si kwa ujumbe, umwambie huna kikundi na kwamba uko tayari kuandika rasimu ya kwanza. Hakuna kikundi Nairobi kinachomkataa mtu anayejitolea kuandika. Ila usije ukawa unaandika peke yako muhula mzima, wakikuzoea hivyo hawataacha.

Tena angalia mgawanyo wa alama kwenye kozi yako. Vyuo vingi huku kazi za muhula ni 30 na mtihani ni 70. Kama kaka zako wa Dar walikuambia 40 kwa 60, ujue hapa mtihani una uzito zaidi.

Baridi_Kali
Mnaongea nyumba na vikundi, mtu wa Tanga hajaiona Julai ya Nairobi. Huku ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, dada. Nenda Gikomba au Toi ununue jaketi la mtumba sasa, kabla baridi haijapandisha bei.

Nyayo_Ghorofani
Hujauliza, lakini wengi wanasahau. Angalia siku ulizogongewa kwenye pasipoti pale mpakani. Muhuri wa kuingia si kibali cha kusoma. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako wakusaidie kuomba kibali cha mwanafunzi Uhamiaji. Sisi raia wa Afrika Mashariki hatukilipii, kwa hiyo anayekudai "ya chai" mkimbie.

Binti_wa_Chumbageni
Asanteni sana, nimesoma zote. Rongai nimeifuta. Darasani kuna msichana wa Kwale anakaa Pangani na dada yake, wanatafuta wa tatu, chumba na sebule, fungu langu 6,000. Nakwenda kuona Jumamosi. Baba akisikia kuna dada mkubwa ndani huenda akalainika. Mwenye kujua, maji ya Pangani yakoje?

Mwana_Ronga
Inategemea nyumba. Uliza kama ploti ina kisima, na uangalie matangi juu ya paa ni mangapi kwa wapangaji wangapi. Na ukienda, simu iweke ndani ya begi, begi mbele.