Naomba ushauri: moto wa kuchoma samaki uani wakati wa kiangazi

Ndugu wanachama, salaam. Ninaishi Mwanga, Kigoma mjini, na kila Jumamosi jioni familia yangu huchoma migebuka kwenye jiko la matofali nililolijenga uani, kisha watoto huota moto wa kuni mpaka wapate usingizi. Jiko liko takriban hatua nne kutoka uzio wa matete wa jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, ambaye juzi alikuja kunieleza kwamba cheche zimeanza kufika kwake, kwa kuwa kiangazi hiki upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na matete yamekauka kabisa. Ana haki ya kuogopa, na mimi sikulala vizuri usiku ule.

Tangu hapo nimeacha kuni na kutumia mkaa peke yake, ninaweka ndoo ya mchanga na ya maji karibu, na majivu ninayamwagia maji kabla ya kuyatupa. Nilimwuliza pia mjumbe wetu, naye akasema jambo hilo halijawahi kufika mezani kwake.

Naomba kujua mambo mawili. Je, sheria ndogo za Manispaa ya Kigoma/Ujiji zinataka kibali au umbali maalumu kwa moto wa nyumbani wa namna hii? Na je, aliyewahi kuwaita maofisa wa Zimamoto na Uokoaji waje kukagua ua kabla ya ajali, alianzia ofisi gani? Namba 114 ninaijua, lakini hiyo ni ya dharura.