Uvuvi Rhode Island, Marekani: samaki trauti, besi au blugili? Nianze na yupi?

Mtoto wa Uvira
Salaam wakuu. Nimehamia Providence, mji mkuu wa Rhode Island, mwaka jana. Nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika kwa samaki wa kule, mikebuka na ndagala, mikono inawasha kushika mshipi tena. Nina wikiendi tu, sina boti, na nyumbani watoto wanataka kula. Samaki gani wa mito na mabwawa ya huku?

Ndoana Butu
Karibu, ndugu. Jimbo lenyewe dogo, nchi kavu yake ni kama Unguja na Pemba ukizijumlisha, hakuna bwawa la mbali. Kura yangu kwa besi wa mdomo mpana. Yupo karibu kila bwawa, na jioni za kiangazi hujificha kwenye mayungiyungi ya ukingoni. Tupa mnyoo wa plastiki, uache uzame wenyewe, usiwe na pupa. Akinasa anaruka nje ya maji! Nduguye wa mdomo mdogo ana nguvu zaidi, ila anataka maji maangavu na mawe. Jaribu Stafford Pond, Tiverton.

Mama Faraja
Kaka, mwenzio kauliza cha kula! Besi hula samaki wenzake, kwa hiyo zebaki, metali yenye sumu, hujikusanya mwilini mwake. Idara ya afya ya jimbo inawashauri wajawazito na watoto wadogo wasile samaki wa mito na mabwawa ya hapa, isipokuwa trauti wa kupandikizwa. Hao wamelelewa kwenye vituo vya serikali na huachiwa majini wakiwa wameshakua. Nenda Olney Pond, Lincoln Woods, si mbali na mjini. Machi maji ya trauti hufungwa, Aprili yakifunguliwa watu husimama bega kwa bega. Na leseni ya uvuvi peke yake haitoshi, kuna stempu ya trauti, kibali cha ziada.

Mtoto wa Uvira
Asante mama. Na joto likiingia?

Mama Faraja
Julai mwache trauti. Hapendi maji ya uvuguvugu.

Kambare Mzee
Mmesahau watoto. Blugili ana umbo la perege, ila saizi ya kiganja. Kiboya, ndoana ndogo, kipande cha mnyoo, basi. Binti yangu alivua wanne mimi bado nahangaika na fundo. Paiki, samaki mrefu mwenye meno makali, yupo Worden Pond, bwawa kubwa la asili kuliko yote jimboni, lakini bila boti utaambulia upepo. Pikareli, nduguye mdogo, ni miiba mitupu. Na lile ziwa kubwa la Scituate unaloliona kwenye ramani usilisogelee na fimbo: ndiyo maji ya kunywa ya Providence, kuvua marufuku.

Ndoana Butu
Sawa, kwa zebaki nimeshindwa. Mimi besi huwa namrudisha majini. Mke wangu haelewi mtu anayeamka saa kumi usiku kwenda kumsalimia samaki.

Mtoto wa Uvira
Basi Aprili trauti, na watoto wavue blugili kisha wawarudishe majini. Mama, huyo trauti wa kukaanga au wa kubanika?

Mama Faraja
Mbanike mzima, chumvi na limau. Magamba yake madogo, wala huyaparui. Ugali juu yako.